Nikoboe au Dona? Mwongozo wa Kuwalisha Bakteria wa Utumbo Wako

Kijana wa mashine ya kusaga mtaani kwetu humuuliza hivyo kila anayefika na ndoo ya mahindi, na wengi hujibu "koboa" kabla hajamaliza kuuliza. Mahindi yanaingia, yanatoka meupe, yanang'aa. Upande wa pili pumba inamwagikia kwenye kiroba, ikiwa bado na joto la mashine, inanukia vizuri kuliko unga wenyewe. Ndani ya kiroba kile limo ganda la mahindi na sehemu kubwa ya kiini, na humo ndimo zilimokuwa nyuzinyuzi nyingi za punje. Jioni wafugaji wa kuku huja kukichukua.

Nilianza kulitazama jambo hili kwa makini mama yangu alipohamia kwangu kutoka kijijini. Kule alikula kande, ugali wa dona (unga wa mahindi yasiyokobolewa), matembele na viazi vitamu, na sikuwahi kumsikia akilalamikia tumbo. Miezi miwili mjini, kwa sembe langu, maandazi ya asubuhi na wali wa mchana, akaanza kukaa siku nne bila kwenda haja. Jirani alimletea sanamaki. Ilimfungua siku hiyo kwa msokoto mkali wa tumbo, na wiki iliyofuata tukarudi palepale. Ndipo nikaona kwamba mama hakupungukiwa dawa. Alipungukiwa chakula alichozoea, na si yeye peke yake aliyekikosa.

Huko chini kuna nani?

Nyuzinyuzi, ambazo wengine huziita makapimlo, ni sehemu za mmea ambazo vimeng'enya vyetu, yaani kemikali za mwili zinazovunjavunja chakula, haviwezi kuzivunja. Wanga wa ugali, protini ya samaki na mafuta ya nazi humalizika kwenye utumbo mwembamba na kuingia katika damu. Nyuzinyuzi hupita hapo zilivyo mpaka utumbo mpana, na huko zinakuta wenyeji wanaozisubiri.

Wenyeji hao ni bakteria. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yaliweka bakteria wa mwili wa mtu mzima kwenye trilioni 38 hivi, na karibu wote wanaishi katika utumbo mpana. Wanachofanya huko kinafanana na kinachotokea kwenye chungu cha togwa: wanachachusha. Wanazikata nyuzinyuzi kwa vimeng'enya vyao, ambavyo sisi hatuna, na wakishakula wanatoa asidi ndogondogo za mafuta. Kubwa ni tatu: asetati, propionati na butireti. Ukikumbuka moja tu, ikumbuke butireti. Seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nguvu zao kutoka kwayo, na si kutoka kwenye sukari ya damu kama seli nyingi nyingine za mwili. Asidi hizi pia huufanya utumbo uwe mchachu kidogo, hali ambayo vijidudu vingi vya magonjwa haviipendi, na hutuliza kinga ya mwili isiwake ovyo.

Wasipopata chakula, bakteria wale hawakai kimya. Utumbo umefunikwa kwa ndani na ute mzito unaotenganisha bakteria na ukuta. Katika majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2016, panya walionyimwa nyuzinyuzi walionekana ute wao ukipungua unene, kwa sababu bakteria waliugeukia na kuula. Kizuizi kikapungua, na kijidudu cha ugonjwa kilipoingizwa kikapata njia rahisi zaidi. Panya si mtu, lakini picha hiyo huwa inanijia kila ninapoona sahani nyeupe tupu: wali, nyama, soda.

Si kila uzi unaliwa. Nyuzinyuzi za pumba na maganda huvunjwa kidogo tu. Kazi yake ni kushika maji, kukipa choo ukubwa na kukisukuma. Zile za bamia, mlenda, maharage, ubuyu, machungwa na vitunguu ndizo bakteria huzila kwa bidii. Kwa hiyo kumeza kijiko cha pumba asubuhi na kuendelea na mlo uleule hakutoshi. Unahitaji aina zote mbili, na namna rahisi ya kuzipata ni kula vyakula vyenyewe.

Tulijuaje haya?

Sehemu kubwa ya habari hii ilianzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940, na kwa muda mrefu alikuwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Yeye na mwenzake Hugh Trowell, aliyewahi kufanya kazi Kenya na Uganda, waliona kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana na vifuko vya utumbo vinavyovimba, yalikuwa nadra kwa wanakijiji waliowatibu. Burkitt alipima hata choo. Katika matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 1972, choo cha siku cha wanakijiji wa Uganda kilizidi gramu 400, na cha Waingereza kilikuwa gramu 100 na kidogo. Chakula kilipita tumboni mwa Waganda kwa siku moja na nusu hivi, na kwa Waingereza kilichukua zaidi ya siku tatu.

Mwaka 2015 watafiti walibadilishana milo. Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walipewa chakula cha kijijini cha Afrika Kusini chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache, na Waafrika Kusini 20 wa vijijini wakapewa chakula cha Kimarekani. Wiki mbili tu. Utengenezaji wa butireti ukaongezeka kwa Wamarekani na kushuka kwa Waafrika, na dalili za uvimbe unaotokana na kinga ya mwili kuwaka kwenye ukuta wa utumbo zikaenda kinyume chake: zikapungua kwa Wamarekani na kupanda kwa Waafrika.

Na mwaka 2025 likatoka jaribio la nyumbani kabisa. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walifanya kazi na wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Baadhi ya wa vijijini walihamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kizungu cha kusindikwa na kukaangwa, na baadhi ya wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili cha Kilimanjaro: ndizi, maharage, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa. Waliohamia chakula cha kizungu damu yao ilionyesha dalili za uvimbe kupanda, na seli zao za kinga zikawa dhaifu mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili walionyesha kinyume chake, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Wiki mbili ni muda mfupi. Hilo ndilo linalonipa moyo kukwambia anza leo, hata kama umekula sembe miaka ishirini.

Hatua ya kwanza: andika siku tatu

Kabla ya kubadilisha chochote, andika kila kilichoingia mdomoni kwa siku tatu, mbili za kazi na moja ya mapumziko. Usijisafishe kwenye karatasi. Andika na andazi la kijiweni. Kisha linganisha na kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2023 lilitoa mwongozo kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5 ni gramu 15, na wa miaka 6 hadi 9 ni gramu 21.

Makadirio ya jikoni ni haya. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 11 hivi. Gramu 100 za unga wa dona zina gramu 7. Za sembe huwa nusu ya hapo au chini zaidi, kutegemea limekobolewa kiasi gani. Kikombe cha wali mweupe hakifikishi gramu 1. Pera kubwa lina gramu 5, nusu ya parachichi kubwa gramu 6 au 7, ndizi mbivu au chungwa gramu 3. Glasi ya juisi iliyochujwa karibu haina kitu.

Sasa chukua siku ya kawaida ya mtu wa mjini: chai na chapati mbili za ngano nyeupe, mchana wali na nyama, usiku ugali wa sembe, samaki na mchicha kidogo. Jumla yake inazunguka gramu 12. Ameshiba mara tatu, na bakteria wake wamepata nusu ya posho.

Hatua ya pili: anza na unga

Unga ndio mahali pa kuanzia, kwa sababu unauzoea bila kubadilisha mlo. Wiki ya kwanza changanya kipimo kimoja cha dona na viwili vya sembe. Wiki ya pili nusu kwa nusu. Ya tatu au ya nne, dona tupu kwa anayeweza. Dona hunywa maji zaidi na huhitaji kukaa motoni muda mrefu kidogo. Usiposubiri, ugali unakuwa na chengachenga na watoto wataukataa, na hawatakuwa wamekosea.

Lakini dona ina masharti, na yasemwe wazi. Kiini cha mahindi kina mafuta, kwa hiyo unga wake huchacha mapema. Saga wa wiki mbili hadi tatu, usisage gunia. La pili na zito zaidi ni sumukuvu. Kuvu wa mahindi yaliyokauka vibaya hutoa sumu isiyokwisha kwa kupikwa, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi ya dona yawe makavu kabisa, na yachambuliwe kwa mkono kwenye ungo: punje yenye ukungu, iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyotobolewa na wadudu, itupe. Usimpe kuku pia. Kama huna uhakika na mahindi ya msimu huo, kula sembe na tafuta nyuzinyuzi zako kwenye maharage na mboga mpaka upate mazuri.

Kwa chapati, changanya unga wa atta (ngano isiyokobolewa) na ule mweupe kwa mpango huohuo wa taratibu. Uji wa ulezi, mtama au uwele uliosagwa mzima ni mzuri mno, na ukiuchachusha usiku mmoja unakuwa mwepesi tumboni.

Hatua ya tatu: maharage, na habari ya gesi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na mimi nilipomkosea mama.

Niliposhajua kosa langu nilitaka kulirekebisha kwa siku moja. Asubuhi nikampa uji wa ulezi, mchana kande, jioni dona kwa maharage na kabichi. Siku ya pili vilevile. Usiku wa pili akaniita: "Mwanangu, tumbo limejaa upepo, silali." Lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Chakula hakikuwa kibaya. Bakteria wanapochachusha hutoa gesi, na wale waliokuwa wamekaa na njaa miezi miwili waliletewa karamu ghafla. Ningekuwa nimeongeza kidogo kidogo, wangezoea, na uwiano wao ungebadilika pamoja na chakula.

Basi kanuni ya hatua hii ni kuongeza gramu 5 hivi kwa wiki, si zaidi. Anza na vijiko vinne vya maharage pembeni ya wali, mara tatu kwa wiki. Wiki inayofuata nusu kikombe. Gesi itakuwepo mwanzoni, na kwa watu wengi hupungua baada ya wiki chache za kula bila kukatiza. Anayekula maharage mara moja kwa mwezi, tena bakuli zima, ataumwa kila mara.

Upishi nao unasaidia. Maharage yana sukari za aina ya rafinosi na stakiosi ambazo ndizo huleta gesi nyingi, na sehemu yake huyeyuka kwenye maji. Yachague, yaoshe, yaloweke usiku kucha kwa maji mengi. Asubuhi utayakuta yamevimba karibu mara mbili, ngozi imenyooka, na juu ya maji kuna povu jembamba lenye harufu ya ganda bichi. Mwaga maji hayo yote. Suuza, weka maji mapya, yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10, kisha punguza moto mpaka yaive kabisa, yaani ukilibonyeza moja kwa ulimi juu ya kaakaa linapondeka. Zile dakika za moto mkali usiziruke, hasa kwa maharage mekundu: mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo peke yake hauiondoi.

Kama maharage yanakusumbua sana, anza na choroko au dengu, ambazo kwa watu wengi ni nyepesi zaidi. Kisha kunde, mbaazi, njugu mawe. Makande ya Tanzania na githeri ya Kenya ni sahani ambayo mtaalamu wa lishe akiombwa aitunge asingeipata bora zaidi: mahindi mazima na maharage ndani ya sufuria moja. Niliyokula utotoni yalipikwa na mbaazi na nazi, na bado sijapata chakula kinachonishibisha kwa muda mrefu kama hicho.

Hatua ya nne: changanya mimea

Kila jamii ya bakteria ina vimeng'enya vyake, na kila mmea una nyuzinyuzi za umbo lake. Ukila mchicha peke yake mwaka mzima, unawalisha wachache. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wametuonyesha jambo hili vizuri: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta bakteria wa matumbo yao wakibadilika kwa misimu, makundi mengine yakipotea karibu kabisa msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, kufuatana na mizizi, matunda ya porini, ubuyu, asali na nyama vinavyopatikana.

Mjini hatuna pori, tuna soko. Usinunue fungu la mboga moja kwa wiki nzima. Nunua mafungu madogo ya aina tatu: matembele, kisamvu, mnafu, majani ya kunde, majani ya maboga, sukuma wiki, chochote kinachopatikana. Tia bamia au mlenda mara mbili kwa wiki. Utelezi wake, ambao watoto wengi huukataa, ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, chakula kizuri cha bakteria. Vitunguu maji na saumu usivione kiungo tu. Navyo vina nyuzinyuzi ambazo bakteria huzipenda, na mtu mwenye tumbo jepesi la gesi atalijua hilo haraka.

Matunda uyale, usiyanywe. Chungwa ulile na ngozi yake nyeupe ya ndani, pera ulile na maganda yake baada ya kulisafisha vizuri. Juisi ya kuchuja huacha nyuzinyuzi kwenye chujio na kukupa sukari. Ubuyu ni wa pekee kwa wingi wa nyuzinyuzi, lakini nazungumzia unga wake mkavu unaokorogwa kwenye maji au uji. Ubuyu wa rangi na sukari uuzwao kwenye vipakti ni pipi, ingawa ni pipi tamu.

Nyama, samaki na mayai vibaki mezani. Havina nyuzinyuzi kabisa, basi. Visiwe ndivyo vinavyojaza sahani.

Hatua ya tano: kiporo cha viazi na ndizi mbichi

Kuna wanga ambao nao hukwepa utumbo mwembamba na kufika kwa bakteria. Tuuite wanga sugu. Ndizi mbichi zina wanga huu kwa wingi, na sehemu yake hubaki baada ya kupikwa. Unapatikana pia kwenye viazi, mihogo, wali na ugali vilivyopikwa vikapoa: vikipoa, chembe za wanga hujipanga upya na kukaza, na vimeng'enya vyetu hushindwa kuzivunja zote. Ukivipasha moto tena, sehemu ya wanga huo hubaki sugu.

Kwa hiyo viazi vitamu vilivyochemshwa usiku na kuliwa baridi asubuhi na chai vina kazi ya ziada. Ugali wa jana uliokatwa vipande na kuchomwa juu ya makaa nao vilevile.

Kwa wali, tahadhari. Kuna bakteria wa udongo ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa usiku kwenye sufuria ya vuguvugu huota na kutoa sumu isiyoondoka kwa kupashwa. Wali wa kiporo upoe haraka kwenye sinia pana na uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Huna friji, usiuweke. Viazi vinatosha.

Hatua ya sita: maji, miguu, na namna ya kukaa

Nyuzinyuzi bila maji hugeuka kizuizi. Unapoongeza dona na maharage, ongeza glasi mbili tatu za maji kwa siku, na kunywa moja mapema asubuhi. Tembea, hata nusu saa. Na ukihisi haja, nenda. Choo kinachocheleweshwa kinaendelea kunyonywa maji na kukauka, na wengi wanaofanya kazi za kukaa au za safarini wamejitengenezea tatizo kwa kuzuia tu.

Choo cha kuchuchumaa hunyoosha njia ya mwisho ya utumbo na kurahisisha kazi. Kama una choo cha kukaa, weka kigoda kifupi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Mama yangu anatumia kigoda alichokuwa akikalia kupikia.

Soma choo chako

Mwaka 1997 madaktari wa Bristol, Uingereza, walichapisha chati ya aina 7 za choo inayotumika hospitali nyingi mpaka leo. Huhitaji chati. Vigololi vikavu kama vya mbuzi maana yake kimekaa sana utumboni. Kirefu, laini, chenye umbo la ndizi na kinachotoka bila kukamua ndicho unachokitaka. Uji au maji maana yake kimepita mbio mno. Kwenda haja mara tatu kwa siku au mara tatu kwa wiki, vyote vinaweza kuwa vya kawaida kwa mtu. Angalia zaidi ulaini, na kama umebadilika kutoka hali uliyozoea.

Kwa mama, tulirudi mwanzo na kwenda taratibu. Wiki ya tatu alikuwa anakwenda kila baada ya siku moja, bila sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kuharisha halisi, husukuma utumbo kwa nguvu na haimlishi bakteria yeyote. Ina nafasi yake kwa siku chache, ila isiwe chai ya kila jioni.

Nani aende kwa uangalifu zaidi

Mjamzito anayetumia vidonge vya kuongeza damu mara nyingi hupata choo kigumu. Vidonge asiache. Aongeze maji na matunda, na amweleze mkunga. Mtoto mdogo tumbo lake ni dogo, asijazwe uji mzito wa pumba akashiba kabla ya kupata mafuta na protini ya kukulia. Mwenye tumbo linalouma na kuvurugika kila mara baada ya vitunguu na maharage asijilazimishe. Huenda utumbo wake ni mwepesi kuhisi na anahitaji mpango wake na mtaalamu wa lishe. Anayetumia unga wa nyuzinyuzi wa dukani autenganishe na dawa zake kwa saa mbili, kwa sababu unaweza kuzuia dawa isiingie vizuri mwilini. Na aliyewahi kupasuliwa utumbo au kuambiwa una sehemu nyembamba amuulize daktari kabla ya kuongeza chochote.

Kuna hali ambazo dona na maharage hazina kazi, na kuzisubiri ni hatari. Damu kwenye choo, hata kama unajua una bawasiri. Kupungua uzito bila kukusudia. Choo kilichobadilika ghafla kwa mtu wa makamo na kisirudi katika hali yake kwa wiki tatu. Hizo ni za kwenda hospitali wiki hiyohiyo. Lakini choo kikiwa cheusi kama lami, au tumbo likivimba, likauma, ukawa unatapika na huwezi kutoa choo wala kujamba, nenda saa hiyohiyo, usiku au mchana, na usinywe sanamaki wala kitu chochote cha kufungulia tumbo njiani.